Galaksi huzima hata gesi ikiwapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe maelezo yanayorudiwa sana katika kurasa za sayansi, kwamba galaksi huacha kuzaa nyota gesi yake inapokwisha, kama koroboi iliyokaukiwa mafuta. Yana ukweli kidogo, ila yanaficha kiini cha jambo.

Nyota huzaliwa pale haidrojeni inapopoa hadi nyuzi 260 hivi chini ya sifuri na kusongamana kuwa mawingu ya molekuli. Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi haizai kitu, hata iwe nyingi namna gani. Katika kundi la galaksi la Perseus, gesi ya moto iliyotanda kati ya galaksi ina tungamo kubwa kuliko nyota zote za kundi hilo. Ingepaswa kupoa na kumiminika katikati, lakini kinachopoa ni kidogo mno. Darubini ya eksirei ya Chandra imeonyesha sababu: shimo jeusi la galaksi ya NGC 1275 hurusha mikondo ya chembe inayochimba mapango ndani ya gesi hiyo na kuipasha moto upya.

Piga hesabu pia. Gesi baridi ya galaksi kama yetu, inayozaa nyota zenye tungamo la Jua moja au mawili kwa mwaka, ingetosha miaka bilioni 1 au 2 tu. Nayo imezaa kwa zaidi ya bilioni 10! Maana yake hujazwa kutoka nje. Basi swali la kuuliza ni nini hukata bomba. Galaksi ikizidi kuwa nzito, gesi inayoiangukia hugongana na kupata joto kabla ya kufika. Ikitumbukia katika kundi kubwa, gesi yake hupeperushwa, kama inavyoonekana katika mkia mrefu wa gesi wa galaksi ya ESO 137-001.

Bomba likikatwa taratibu, dalili hubaki: hakuna gesi mpya ya kuzimua elementi nzito (zilizo nzito kuliko haidrojeni na heliamu), hivyo nyota za mwisho huzaliwa zikiwa nazo kwa wingi. Utafiti wa mwaka 2015, uliotumia spektra (mwanga uliotawanywa katika rangi zake) za galaksi zaidi ya 26,000 za jirani, ulikuta hivyo hasa katika galaksi nyingi zilizozima, na kukadiria kwamba kuzima kulichukua miaka bilioni 4 hivi.

Hata hivyo, njaa hiyo ya polepole, ya kukatiwa gesi mpya, haielezi kila kitu. Galaksi ya mbali ya GS-9209, iliyopimwa kwa darubini ya anga ya James Webb, ilikuwa imekwisha kuzima Ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 1.25 hivi, ikiwa na nyota zenye tungamo la Jua mara bilioni 40 hivi. Hapo muda wa njaa haukuwapo. Kitu kiliifukuza gesi au kuichemsha kwa ghafla, na shimo jeusi kubwa lililokutwa katikati yake ndilo mshukiwa wa kwanza.