Barua ya wazi kwa madereva na makondakta wa mabasi ya Dar hadi Tunduma: mafua makali yana siku zake

Wanangu mnaoshika usukani, na ninyi mnaosimama mlangoni,

Marahaba. Mimi ni nesi mstaafu, nakaa Makambako, na wengi wenu mmepita mikononi mwangu mkitetemeka, basi linaunguruma nje, mkitaka sindano moja tu ya kuwafikisha Tunduma. Kipupwe kimeingia. Kuanzia mlima Kitonga mpaka Uyole hakuna abiria anayekubali dirisha lifunguliwe, na kila basi lina wanaokohoa. Ndiyo maana naandika sasa.

Ninalotaka mlishike ni hili: mafua makali, yale ambayo madaktari wanayaita influenza, yana siku zake, na siku hizo hufuatana kwa mpangilio unaojulikana. Anayezijua hatupi hela yake kwenye dawa zisizomhusu, wala hachelewi siku ile ambayo kuchelewa kunaua.

Tuanze na siku ambazo bado uko mzima. Abiria amekohoa, ukavuta matone yake hewani, au umeshika chuma cha mlangoni alichoshika mwenye makamasi, kisha ukapangusa jicho. Juu ya chuma au plastiki virusi hivi vinaweza kukaa siku nzima, hata mbili. Mkononi havidumu, ni dakika chache tu, lakini nani kati yenu humaliza dakika tano bila kugusa uso? Vikishaingia, vinajipenyeza kwenye seli za utando wa pua, koo na njia ya hewa, vinazilazimisha zitengeneze virusi vingine, na ndani ya saa chache seli moja imeshatoa kundi jipya linalokwenda kuvamia seli za jirani. Kazi hiyo yote inafanyika bila wewe kuihisi. Huchukua siku 1 hadi 4, mara nyingi 2, ndipo mwili ushtuke.

Na hapo pana jambo ambalo makonda hawapendi kulisikia. Unaanza kuambukiza kiasi cha siku moja kabla hujaumwa. Umekata tiketi, umerudisha chenji, umeongea na basi zima, ukiwa mzima kabisa kwa macho yako na ya tajiri mwenye basi. Kwa hiyo kunawa mikono na kufungua dirisha kidogo, hata kama abiria watanung'unika hapo Mafinga, si mambo ya kusubiri mtu aanze kuumwa.

Kisha yanakuja kwa kishindo. Mafua ya kawaida hunyemelea: leo koo linawasha, kesho kamasi, keshokutwa unapiga chafya. Haya makali mtu anaweza kukutajia mahali yalipomkamata. Mikumi alikuwa anataniana na utingo, Iringa hawezi kuinua mguu. Homa inapanda, 38, 39, wakati mwingine 40. Kichwa kinagonga, macho yanauma ukiyazungusha, mgongo na mapaja kama umepigwa, kikohozi kikavu. Wengi huniuliza ugonjwa wa kifuani unafanya nini mapajani. Virusi vyenyewe kwa kawaida haviko mapajani, viko kwenye njia ya hewa. Maumivu hayo yanaletwa na kemikali ambazo kinga yako inazimwaga kwenye damu ili kupigana. Mwili unapambana, na unakudai ulale.

Siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo mnazoendeshea. Hapo sina lugha ya kubembeleza. Mtu mwenye homa ya 39 hapaswi kuliteremsha basi Kitonga. Najua siku isiyo na safari haina posho, na najua deiwaka, yule dereva wa kibarua, akishika usukani wiki moja unaweza kurudi ukakuta kiti si chako. Hilo nawaambia matajiri, maana wanaisoma hii pia: siku tatu za kumlipa deiwaka huku mgonjwa akilindiwa kazi yake ni rahisi kuliko basi kulala korongoni.

Kuna linaloniudhi zaidi ya homa yenyewe. Dereva anashuka kwenye duka la dawa stendi, anaomba "kitu cha mafua", anameza, anarudi kwenye usukani. Vidonge vingi vya mafua vina piritoni ndani yake, na piritoni inaleta usingizi. Vingine vina dawa ya kufungua pua inayopandisha presha, na presha mnayo wengi hamjaipima. Karibu vyote vina paracetamol. Sasa mtu amemeza hivyo, akaongeza Panadol mbili kwa sababu kichwa bado, jioni akarudia vyote, naye hajui kwamba anaipiga maini yake. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ukihesabu na ile iliyofichwa kwenye dawa za mafua. Soma boksi. Kama husomi vizuri, mwambie muuzaji akusomee, na umwambie wazi kuwa wewe ni dereva.

Malaria nayo isisahaulike. Mnalala Dar na Morogoro, kwa hiyo homa yoyote ipimwe, kipimo cha haraka hakimalizi nusu saa. Kikisema huna, usimeze mseto, dawa ya malaria, kwa mazoea. Amoksilini vivyo hivyo: inaua bakteria, virusi haiwagusi. Ipo dawa ya virusi vyenyewe, oseltamivir, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Haiko kila duka, na kijana mwenye afya hupona bila hiyo. Lakini mjamzito, mtoto mdogo, mzee wa miaka 65 na kuendelea, mwenye pumu, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo au VVU, hao wasikae nyumbani kusikilizia. Waende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wewe uliyebaki, kazi yako ni kulala na kunywa. Ninyi mna desturi ya kutokunywa maji ili msisimame kuchimba dawa, yaani kukojoa, kila mara. Ukiwa na homa desturi hiyo iache. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, maji hayajatosha. Uji, supu, chai ya tangawizi na asali, vyote sawa, vinalainisha koo (asali usimpe mtoto ambaye hajafikisha mwaka). Nyungu, kule kujifukiza kwa mvuke, siipigii debe: nimefunga vidonda vya watu waliomwagikiwa na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi. Na kama mnalala wawili chumba kimoja cha gesti, mgonjwa apate chumba chake, au angalau dirisha liwe wazi na vitanda viwe mbali.

Siku ya tatu au ya nne, kwa wengi, homa inaanza kushuka. Unatokwa jasho, unatamani chakula, unaulizia gari. Subiri. Hesabu saa 24 bila homa na bila kumeza paracetamol, kwa sababu Panadol huificha homa, haiiondoi. Mtu mzima huendelea kutoa virusi siku 5 hadi 7 tangu alipoanza kuumwa, na watoto huzidi hapo. Ukirudi kazini mapema, vaa barakoa. Ukirudi nyumbani, mtoto mchanga usimbusu kwanza, hata kama umemkumbuka.

Hapa ndipo nataka mtulie mnisikilize. Virusi vimeuchubua utando wa njia ya hewa, na vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kutoka kifuani vimeharibika. Kwa siku kadhaa mlango uko wazi, na bakteria waliokuwa wanakaa puani na kooni bila madhara wanaweza kushuka kwenye mapafu. Mgonjwa alishapata nafuu, alikula, alicheka, halafu kati ya siku ya tano na ya kumi homa inarudi. Anatetemeka, kifua kinachoma akivuta pumzi, makohozi yanakuwa ya njano au yana rangi ya kutu. Hicho ni kichomi, nimonia, na sasa ndiyo zamu ya antibayotiki, hospitalini, si ya kununua stendi. Janga la mwaka 1918, lililoingia Afrika Mashariki kwa meli, reli na njia za wapagazi wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vinaisha, liliua wengi kwa namna hiyohiyo, na penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Hata leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mafua haya huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani. Kwa hiyo homa iliyoondoka ikarudi, msiiite uchovu wa safari. Na siku yoyote, hata ya pili, mtu akihema kwa shida, akichanganyikiwa, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kukojoa, mwahisheni. Msimngoje afike kwao.

Yasipotokea hayo, kinachobaki ni kikohozi na ulegevu. Kikohozi kinaweza kukaa wiki mbili au zaidi kwa sababu utando unajijenga upya polepole. Sigara inauchelewesha, na mnaovuta mnajijua. Ulegevu nao unadanganya: asubuhi uko sawa, saa nane mchana kope zinaanguka. Wiki ya kwanza ya kurudi ombeni njia fupi, au muwe madereva wawili kwenye gari.

Chanjo ipo, hutolewa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, na huchukua kama wiki mbili kujenga kinga. Kwetu haijaenea, lakini ukiwa Dar ulizia kwenye hospitali kubwa, hasa wewe mwenye kisukari au pumu.

La mwisho ni la wale wenye kikohozi cha muda mrefu. Kikifikisha wiki mbili na hakionyeshi kupungua, au unakonda na usiku unaloa jasho, usiendelee kuyasingizia mafua. Nenda kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kipimo ni bure na dawa ni bure, na kondakta mwenye kifua kikuu amefungiwa na watu sitini saa kumi na mbili kila siku.

Mama yenu,
nesi mstaafu, Makambako