Kiyasi cha majaji wa Marekani na haki ya kubeba silaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili nyuma kwamba mahakama za Marekani zimeshaamua kuwa kila mtu anayo haki ya kubeba bunduki, kwamba haki hiyo iliwekwa ili raia waweze kuiondoa serikali inayowadhulumu, na kwamba huko mjadala umeshafungwa. Barua yake ilisomwa kwa sauti kwenye barza yetu hapa Limbani, ikazusha ubishi uliotuchukua kutoka Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, na kwa kuwa nilifanya ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, wenzangu wote waligeuka kuniangalia mimi. Siku ile sikuwa na la kuwaambia. Tangu hapo nimekaa na hukumu zenyewe, na ninavyozisoma, mjadala uliofungwa ni mdogo kuliko ule uliofunguliwa.

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ni sentensi moja ya maneno 27. Nikiifasiri kwa kadiri ya uwezo wangu, inasema: jeshi la mgambo lililopangwa vyema likiwa ni la lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu ya kuweka na kubeba silaha haitavunjwa. Nimetumia "likiwa" makusudi, kwani Kiingereza chake hakikusema "kwa kuwa" wala "ili". Kimekiacha kipande cha mwanzo kikining'inia, na ugomvi wote umeota hapo. Anayekiona kipande hicho kuwa ni sharti atasema haki hii ni ya watu wakiwa katika mgambo. Anayekiona kuwa ni dibaji tu atasema haki ni ya mtu binafsi, awe mgambo asiwe mgambo. Mfasiri wa Kiswahili anayetia "kwa kuwa" na kuendelea na safari yake ameshaegemea upande mmoja wa kesi bila ya kujijua.

Kwa muda mrefu usomaji wa kwanza ndio ulioshika. Katika kesi ya Miller ya mwaka 1939, watu wawili walishtakiwa chini ya sheria ya 1934 kwa kusafirisha bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu kutoka Oklahoma kwenda Arkansas, na Mahakama ya Juu ikasema haikuoneshwa kwamba silaha ya namna hiyo ina uhusiano wowote na mgambo. (Magazeti yetu hupenda kuiita mahakama hiyo "Mahakama Kuu", jina ambalo kwetu ni la mahakama iliyo chini ya Mahakama ya Rufani, naomba mhariri alitazame hilo.) Kilichonishangaza katika jalada hilo ni kwamba upande wa washtakiwa hakusimama mtu. Serikali ilijieleza peke yake, ikasikilizwa peke yake. Karani yeyote atakwambia kwamba kesi iliyosikilizwa upande mmoja ni msingi mwembamba wa kujengea ghorofa, lakini Marekani ilijenga juu yake kwa karibu miaka 70.

Ghorofa hilo lilivunjwa tarehe 26 Juni 2008 katika kesi ya Heller. Dick Heller alikuwa mlinzi mjini Washington. Kazini alibeba bastola kulinda jengo la serikali, lakini sheria ya mji ya mwaka 1976 ilimzuia kuwa na bastola nyumbani kwake. Majaji watano dhidi ya wanne walisema haki ni ya mtu binafsi na kiini chake ni kujilinda, hasa nyumbani. Kwa hivyo usomaji ambao msomaji mwenzangu anauona kama wa tangu enzi za waasisi ulikuja kutamkwa na mahakama hiyo miaka 217 baada ya sentensi kuidhinishwa. Ni kweli kwamba hukumu ilitaja khofu ya waasisi kuwa serikali kuu ingewanyang'anya mgambo silaha zao, lakini ilichokitia mkononi mwa raia ni ulinzi wa nafsi yake na watu wa nyumba yake. Kuiondoa serikali ni neno jengine, na kisiwani kwetu, ambako kila mtoto wa skuli anafundishwa kilichotokea kwenye boma la polisi la Ziwani usiku wa Mapinduzi, kuamkia tarehe 12 Januari 1964, neno hilo haliandikwi kwa wepesi namna ile.

Miaka miwili baadaye, katika kesi ya mzee mmoja wa Chicago, Otis McDonald, haki hiyo ilifanywa iyabane majimbo na miji pia, kupitia Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868. Sehemu ya hukumu hiyo inayoeleza namna watu weusi waliotoka utumwani walivyonyang'anywa bunduki zao na majimbo ya kusini inafaa kusomwa na kila anayedhani kuwa suala hili ni la wapenda bunduki peke yao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Baada ya kukubali kwamba haki ipo, jaji anaipimaje sheria inayoiwekea mipaka? Hapa ndipo Marekani ilipochukua njia ambayo mtu aliyesoma chuoni kwetu, yaani madrasa, ataitambua mara moja, kwa sababu ni njia ya kiyasi: kulipa jambo jipya hukumu ya jambo la zamani linalofanana nalo. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, majaji sita dhidi ya watatu waliibatilisha sheria ya New York iliyomtaka mtu aoneshe sababu maalumu kabla ya kupewa kibali cha kubeba bastola hadharani. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba kuanzia sasa jaji asipime faida na hasara za sheria. Atazame maneno ya Katiba, na kama yanamgusa mtu huyo na kitendo chake, basi ni juu ya serikali kuonesha kwamba sheria yake inalingana na mapokeo ya kale ya nchi katika kudhibiti silaha.

Sote tulifundishwa kwamba kiyasi kina nguzo nne: asili, tawi, illa (yaani sababu ya hukumu) na hukumu. Khamri ni asili, kinywaji kipya kisichotajwa ni tawi, kulevya ni illa, na hukumu inahama kutoka kule kuja huku kwa sababu ya illa hiyo. Tulifundishwa pia kwamba ugumu hauko kwenye asili wala kwenye tawi. Hadithi ya riba imetaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Mashafii tukasema illa ya vile vinne vya mwisho ni chakula. Mahanafi wakasema illa ni kupimwa kwa kipimo au mizani. Asili ni ile ile moja, lakini chokaa inayouzwa kwa kipimo imeingia kwa Mahanafi na kutoka kwetu, na yai linalouzwa kwa idadi limeingia kwetu na kutoka kwao. Maimamu wa madhehebu mbili, bila ya ugomvi, wamefika sehemu mbili.

Majaji wa Marekani wamefika hapo hapo, ila wao hawana karne za usuli, elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, nyuma yao, na nyuma ya kila tawi kuna mtu anayesubiri kujua kama atakwenda jela. Mfano ulio wazi kabisa unatoka kwenye kesi ya Heller yenyewe. Mwaka 1783 Massachusetts ilipiga marufuku kuingiza katika nyumba za mji wa Boston silaha iliyotiwa risasi na baruti. Jaji Stephen Breyer, aliyekuwa upande wa wachache, aliichukua sheria hiyo kuwa ni ushahidi kwamba waasisi waliona ni halali kuzuia silaha nyumbani kwa ajili ya usalama wa mji. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alijibu kwamba sheria ile ilikuwa ya kuwalinda wazima moto, na khofu yake ilikuwa baruti kulipuka nyumba inapoungua. Asili moja, illa mbili, hukumu mbili. Kila mmoja wao alikuwa na karatasi mkononi, na hakuna karatasi iliyoweza kumtoa mwenzake kwenye kauli yake.

Bruen ilisema wazi kwamba hatafutwi pacha wa sheria ya leo. Anatafutwa anayefanana naye kwa namna anavyoibana haki na kwa sababu ya kuibana. Lakini mahakama za chini zilipoanza kazi, nyingine zilitafuta pacha hasa. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko kusini iliibatilisha sheria inayomzuia kuwa na bunduki mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mkewe au mwenza wake, kwa kuwa serikali haikuweza kuonesha sheria ya zamani iliyofanana nayo vya kutosha. Na ingeoneshaje? Wanawake hawakuwamo miongoni mwa walioandika sheria za 1791 wala za 1868, na kumpiga mke hakukuhesabiwa kuwa ni jambo la kumnyang'anya mwanamme bunduki. Kutokuwepo kwa asili kunaweza kuwa ni dalili kwamba watu wa zamani walilikataa jambo, na kunaweza kuwa ni dalili kwamba halikuwahi kuwapitia akilini. Kiyasi peke yake hakitofautishi baina ya mawili hayo.

Mahakama ya Juu iliirudisha kesi hiyo, ya Rahimi, kwenye mstari tarehe 21 Juni 2024, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Jaji Mkuu John Roberts alisema kinachotakiwa ni kanuni zilizomo ndani ya mapokeo, na kwamba tangu zamani mtu aliyebainika kuwa ni tishio kwa mwenziwe aliweza kulazimishwa kuweka dhamana au kupokonywa silaha. Kwa lugha ya chuoni, alisema: acheni sura, tafuteni illa. Aliyempinga alikuwa mmoja peke yake, naye ni Jaji Thomas, aliyeiandika Bruen. Inapofika kwamba mwenye kutunga kipimo anapimana na wenzake wote na kupata jibu tofauti, nadhani tunayo haki ya kukitazama kipimo chenyewe mara mbili.

Kuna mstari mmoja katika Bruen ambao mtu wa kisiwani hawezi kuupita. Mahakama ilisema New York haiwezi kukitangaza kisiwa kizima cha Manhattan kuwa mahali nyeti pasiporuhusiwa silaha kwa sababu tu kimejaa watu na kinalindwa na polisi. New York ikatunga sheria mpya mwaka huo huo, ikataja mahali pamoja pamoja, yakiwemo magari ya abiria na feri, na kesi zikaanza upya kuhusu kila mahali palipotajwa.

Niliposoma hayo nilikumbuka safari yangu ya karibuni kutoka Chake kurudi Wete. Kijana mmoja alipanda gari na upanga uliotoka kunolewa, makali yake bado meupe. Konda hakumwuliza anakwenda wapi wala ana kibali cha nani. Alimwambia tu, "Kaka, hicho kitie gunia ukiweke chini ya kiti." Yule kijana akaufunga upanga kwa gunia na kamba ya usumba, mzee aliyekaa jirani akanyanyua miguu yake, safari ikaendelea. Upanga ule ule, shambani, asingeuliziwa na mtu. Msongamano wa watu ndio uliokuwa illa ya konda, na sidhani kama kuna abiria aliyehisi kwamba haki ya kijana imevunjwa.

Kwetu, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na Katiba ya Zanzibar ya 1984 zote hazina haki ya kubeba silaha; bunduki ni jambo la kibali. Lakini haki nyengine tunazo, na ibara ya 30 ya Katiba ya Muungano inaruhusu ziwekewe mipaka. Kipimo chetu kilitamkwa na Mahakama ya Rufani katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya mwaka 1993: sheria ya mipaka isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya kutumiwa vibaya, na isizidi kile kinachohitajika kufikia lengo halali. Kwa kipimo hicho sharti la kuomba ruhusa ya serikali kabla ya kuishtaki serikali lilianguka. Hakuna aliyelazimika kutafuta sheria ya wakati wa Mjerumani inayofanana nalo.

Sitaki nionekane ninajisifia cha nyumbani. Scalia alikuwa na hoja aliposema kwamba haki inayosubiri kila jaji aamue kama bado ina faida si haki tena, na sisi wenyewe tumeliona hilo. Katika kesi ya Mbushuu, Mahakama Kuu iliona mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, ikiitazama ibara ile ile ya 30, ikaona inasimama. Mizani nayo hushikwa na mkono wa mtu. Tofauti ninayoiona ni kwamba jaji wetu analazimika kuandika ni madhara gani ameyatia kwenye sahani na kwa nini yameshinda, hivyo mtu wa kawaida anaweza kubishana naye. Jaji anayesema amefungwa na mwaka 1791 anabishika na wanahistoria peke yao, ilhali uchaguzi wa illa ameufanya yeye.

Kwa hivyo ombi langu kwa msomaji mwenzangu ni kwamba arudi kwenye hukumu ya Heller aliyoitegemea, asome sehemu ya tatu, ambayo si ndefu. Humo, kwa kalamu ya Scalia, imeandikwa kwamba haki hii ina mipaka, na kwamba hukumu ile isichukuliwe kuwa inatilia shaka makatazo ya muda mrefu ya silaha kwa wahalifu na wagonjwa wa akili, wala sheria zinazokataza kuingia nazo maskulini na katika majengo ya serikali. Akishaisoma na bado akaona mjadala umefungwa, barza yetu ipo kila siku baada ya Alasiri, na kahawa yake nitailipia mimi.

Karani mstaafu wa mahakama,
Limbani, Wete, Pemba