Mhariri, mgomba wa mjukuu wangu umepigwa eksi

Mhariri, gazeti lenu nasoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu ya juzi ya "falsafa mpya" ya elimu, ya kumweka mtoto katikati ya masomo, imenichosha. Mpya kwa nani? Mwanafalsafa Rousseau aliyaandika hayo Ufaransa 1762, mtoto aanze na vitu ndio vitabu vifuate (na huyo huyo watoto wake watano akawapeleka kwenye kituo cha watoto wa kuokotwa, hilo hamkuligusa). Maria Montessori, daktari wa Italia, kafungua nyumba yake ya watoto wajifunze kwa kushika vitu, Roma 1907, tena mtaa wa masikini. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere katoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, nilikuwa darasa la tatu, na nisiwadanganye, shuleni kwetu kujitegemea kuliishia kupalilia kahawa ya hedimasta.

Sasa mjukuu wangu yuko darasa la pili hapa Moshi, shule ya kulipia, getini Montessori imeandikwa herufi kubwa utadhani hoteli. Kapewa homuweki achore mgomba. Mhariri sisi tunaishi ndani ya migomba, ukifungua dirisha jani linaingia! Mtoto katoka na daftari, kakaa chini karibu nusu saa, kachora mama na machipukizi yake matatu, mkungu umeinama na lile ua la zambarau linaning'inia kwenye ncha, yani hadi mimi nikauangalia mgomba wangu upya. Karudi na eksi nyekundu. Ati kwenye kitabu mgomba ni mmoja, hauna watoto wala ua. Nikaenda mwenyewe, madam ni binti mpole tu, akaniambia babu mtihani unafuata kitabu, nikamuuliza kwani kwenu hakuna mgomba, akacheka akasema upo babu. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, hiyo aliiita elimu ya benki, mwalimu anaweka mtoto anatunza, ila hii yetu ni benki ambayo hata ukipeleka hela halali wanakurudishia!

Na hayo mabasi ya shule, saa kumi na moja na nusu honi getini, mtoto analala kichwa kwenye kioo, halafu kila muhula rimu, sijui karatasi zote hizo zinachorwa nini.

Mimi Jumatatu napeleka chipukizi la mgomba wa mshare, lipandwe mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, samadi natoa mimi. Ila kwanza ile eksi ifutwe.

Babu wa darasa la pili, Moshi