Kaka Saidi, Fedha za Wakili Sina

Southend-on-Sea,
Jumapili asubuhi

Kaka Saidi,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi, hofu ni juu yenu. Mwambie Mama viatu vyake nimevipata, namba 38, visivyo na kisigino, vitakuja na Mwanaidi kabla ya Ramadhani. Baridi ipo, tumeizoea. Kazi ipo, ya usiku, sina haja ya kuieleza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara 3. Dakika 11, kaka! Ulipofika pale pa "yule mtoto ameidhalilisha bendi ya baba" nilikuwa ndani ya basi, nikapunguza sauti haraka, utadhani abiria wa huku wanajua Kiswahili. Nimekuelewa. Bakari, mpiga solo wetu, kaondoka na nyimbo zake, kamchukua na mpiga besi, wako Muheza wanapiga harusi kwa jina letu lile lile, wameongeza tu "Orijino" mbele. Wewe unataka laki 8 za wakili amzuie asilitumie jina, na milioni 1 na nusu za gitaa la solo na amplifaya. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu sauti yangu utaipeleka mbele mpaka pale pa fedha. Karatasi utaisoma yote, nakujua. Mwambie Mama Zuhura akuletee chai, maana jibu langu linapitia kisiwani kwanza.

Hapa nilipo, ukipanda treni ya kwenda London, vituo vichache tu unashuka Benfleet, unachukua basi, unavuka daraja, uko Canvey. Kisiwa bapa kama chapati. Maji yakijaa, bahari iko juu kuliko barabara, wameizuia kwa ukuta wa zege, maana mwaka 1953 maji yaliingia usiku watu wamelala, wakafa zaidi ya 50. Ukisimama juu ya ule ukuta, upande huu meli zinapita kuingia mtoni, upande ule mapaa ya nyumba yako chini ya miguu yako. Na matangi ya mafuta, makubwa, kama yale ya kwetu Chongoleani. Siku ya kwanza nilifika maji yametoka. Tope linang'aa, ndege wanadonoa, na ile harufu, kaka, ni ya Sahare, pwani yetu ya Tanga, mtupu. Nilisimama pale navuta hewa mpaka mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama niko salama.

Kwenye kisiwa hicho, mwaka 1971, vijana walianzisha bendi wakaiita Dr. Feelgood. Mwimbaji Lee Brilleaux, mwenye kinanda cha mdomo, kazaliwa Durban, Afrika Kusini, akaja huku mtoto. Mwenye gitaa Wilko Johnson, mwana wa Canvey hasa, yale mafuriko yalimkuta mdogo. Huyu alisoma chuo kikuu, akafundisha shule. Besi alipiga Sparko, na drams bwana mmoja waliyemwita The Big Figure. Muziki wenyewe haukuwa wa kwao. Ni ule wa Wamarekani weusi wa Mississippi na Chicago, waliusikia kwenye santuri wakaukopi. Usicheke. Baba na wenzake rumba waliipata wapi kama si kwenye santuri za GV, zile za muziki wa Kuba, wanaimba Kihispania, neno hata moja hawalijui? Tofauti ni kwamba Wilko alipoanza kutunga, hakujifanya yuko Mississippi. Aliandika juu ya gati, matangi ya mafuta na tope lao. Mto wao akauita Delta ya Thames. Hapo ndipo nilipowapenda.

Miaka ile bendi za Uingereza zilivaa vitu vya kumeta, nywele mgongoni, wimbo mmoja unaweza kumaliza chai ukaosha na kikombe. Hawa walipanda jukwaani na suti za bei rahisi, nyimbo fupi, baa hadi baa. Wilko alipiga bila kidude cha kuchokolea nyuzi. Mkono mtupu, rizimu na solo kwa mpigo mmoja, huku anakwenda mbele anarudi nyuma kama toroli kwenye reli, macho yamemtoka, gitaa kalielekeza kwa watu kama bunduki. Nimejaribu kumwigiza hapa chumbani. Kucha mbili zimekatika, na jirani wa chini kagonga dari.

Santuri yao ya kwanza ndefu, "Down by the Jetty", ilitoka Januari 1975. Ya tatu, "Stupidity", waliirekodi mbele ya watu, kelele na jasho lote humo humo, nusu yake mjini Sheffield, nusu hapa hapa Southend kwenye ukumbi wa Kursaal. Mwaka 1976 ikawa namba 1 Uingereza nzima, na hawakuwa wamewahi kuwa na wimbo mmoja uliotamba redioni. Mwaka huo huo, jamaa zao walipotaka kufungua lebo ya muziki, Stiff, Lee akawakopesha pauni 400. Ile lebo ikawa kubwa. Sisemi kitu juu ya ile mikopo yetu ya mwaka juzi, nasimulia tu.

Haya nimeyajua wapi? Kazini. Tuna mzee mmoja, jina sitaji, kumbukumbu zimemtoka. Binti yake akija anamwita dada. Usiku halali. Usiku mmoja namletea chai, nikawa naimba polepole ule wimbo wangu wa Nanga, akachukua vijiko viwili akaanza kuupiga kwenye ukingo wa meza ya kitanda. Si kugonga ovyo, kaka. Aliingia kwenye mapigo, akaacha nafasi palipotakiwa nafasi, na mwishoni alikata nami pamoja. Wimbo hajawahi kuusikia maishani mwake! Nikamuuliza, mzee, ulikuwa mpiga drams? Akasema hapana, fundi bomba, lakini mimi nilikuwa Kursaal. Basi ndilo analolikumbuka. Binti kamsahau, ila koti jeupe la Lee Brilleaux, jinsi lilivyokuwa chafu kwa bia na jasho, anakueleza doa kwa doa. Nikaenda kuwatafuta kwenye simu, nikakuta alikuwa anasema kweli. Lile koti lilikuwa maarufu kwa uchafu wake.

Sasa sikiliza, maana ndipo ulipo ugomvi wenu.

Namba 1 ilikuwa mwaka 1976. Mwaka 1977 wakaingia studio Wales kurekodi santuri nyingine, wakagombana humo ndani. Wilko ndiye aliyekuwa mtunzi, mzigo wote wa nyimbo mpya uko kichwani kwake. Wenzake watatu ni watu wa kukaa pamoja na glasi, yeye hayumo, anajifungia chumbani anaandika. Ukaletwa wimbo wa rafiki yao, Lew Lewis, uitwao "Lucky Seven". Wenzake wanautaka, Wilko hautaki. Wimbo mmoja! Mpaka amekufa Wilko alisema alifukuzwa. Wenzake walisema aliondoka mwenyewe. Umewahi kuyasikia wapi maneno hayo? Bakari kaniandikia wiki moja kabla yako, kaka, anasema mlimtupia begi nje. Wewe unasema alilichukua mwenyewe.

Najua sasa unatafuta mwisho wa hadithi, nani alishinda, ili uende nao kwa wakili. Haya. Bendi ilibaki na Lee na jina. Wakamchukua kijana mwingine wa gitaa, Gypie Mayo, na Januari 1979 wakatoa "Milk and Alcohol", ikafika namba 9. Hawakupata kufika hapo na Wilko kwa wimbo mmoja mmoja. Unaona? Solo mpya inapatikana, hilo nakubaliana nawe kabla hujalisema. Lakini Gypie naye akaondoka 1981, mwaka uliofuata besi na drams wakaondoka pia, akabaki Lee peke yake kati ya wale 4, na koti lake, kila usiku mji mwingine. Tarehe 7 Aprili 1994 akafa kwa saratani. Miaka 41, kaka. Mdogo kuliko mimi. Miezi michache kabla alipiga Canvey kwa mara ya mwisho. Yeye na Wilko hawakurudi kupiga pamoja tena, toka 1977 mpaka kaburi. Na bendi ipo hadi leo, inazunguka, jina lile lile, na ndani hakuna hata mmoja wa wale vijana 4.

Wilko naye hakutajirika, alihangaika. Akapiga na mwimbaji Ian Dury, akaunda bendi yake. Mwaka 2013 wakatangaza ana saratani ya kongosho, haina dawa, miezi michache. Akakataa matibabu makali, akaenda kuwaaga watu jukwaani. Akarekodi na Roger Daltrey, yule mwimbaji wa bendi ya The Who, wakidhani ndiyo mwisho wake. Na walirekodi nini? Nyingi ni nyimbo zake za zamani, zikiwemo za Canvey za miaka 40 nyuma! Santuri hiyo ikafika namba 3 mwaka 2014. Na kufa hakufa. Madaktari wa Cambridge walimpasua wakatoa uvimbe wa kilo 3, akaishi mpaka Novemba 2022. Kwa hiyo jina lilibaki kwa waliobaki, na nyimbo zikamfuata aliyezitunga. Wakili wako wa laki 8 anaweza kukupa jina. Watu wakishapanga mstari wa kutunza, wataomba zile nyimbo 3 za Bakari, na wewe utasimama hapo na jina lako.

Mimi Wilko namwelewa. Mtu anayekesha akitunga halafu anaambiwa "hata huu wa jirani unatosha" anaumia. Ila gari la bendi likishawashwa, watu 9 wanasubiri kula, na wewe ndiye unayejua nani kalipwa na nani hajalipwa, hapo namwelewa Lee zaidi. Wewe ni Lee, kaka. Ila koti lako Mama Zuhura analifua.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nyimbo, niseme langu. Miaka 17 nimenyamaza. Wimbo wa Nanga nimeutunga mimi, kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, wiki niliyopata viza. Bakari alikuwa anabeba spika. Juzi nikaona video ya harusi ya Pongwe, mlipokuwa bado pamoja, mtangazaji anasema "utunzi wake Bakari", na wewe kaka uko pembeni na maraka yako, unacheka. Hukusema neno. Nilizima simu, nikalala saa tano za mchana, nikaamka usiku kwenda kazini sijala.

Lakini niwape na habari njema. Ijumaa mbili zilizopita nilikuwa zamu ya mapumziko, nikaenda Canvey kwenye baa moja, wana usiku wa mtu yeyote kupanda jukwaani. (Mama asisome hapa. Nilikunywa soda.) Nina gitaa la mtumba sasa, jeusi. Nikawapigia Nanga, kwa mtindo wa baba, taratibu halafu chemko. Wazee wa pale, mikono imejaa tatuu, wamezoea gitaa la Wilko la kukata kama panga, nilidhani watanizomea. Kaka, walipiga kelele! Mmoja akapanda na kinanda cha mdomo akanifuata, hajui wimbo, akapata ufunguo kwenye ubeti wa pili. Tuliurudia kibwagizo mara 6. Mwenye baa kaniuliza huo muziki unaitwaje, nikamwambia Tanga. Kaniandika kwa jina kwenye ubao, mwezi ujao napiga nyimbo 4 nzima. Napiga peke yangu lakini. Pale kwenye nafasi ya solo naacha kimya, nasikia kabisa Bakari anaingia, halafu haingii mtu.

Sasa fedha. Za wakili sina, na nikiwa nazo sitoi. Gitaa na amplifaya nitachangia mwezi wa nne, nusu, nusu nyingine mtoe kwenye harusi. Leo nimetuma laki 3. Nimezituma kwa simu ya Mama Zuhura, si yako, usikasirike. Elfu 60 ni za dawa za Mama. Nyingine ni nauli ya kwenda Muheza, wewe na Mjomba Kombo, mkakae na Bakari. Msimkute ukumbini mbele ya watu, mwendee nyumbani, asubuhi, na mkate wa mofa. Jina mgawane mtakavyo, ya "Orijino" na isiyo "Orijino", dunia haitaanguka. Nyimbo mziandikishe COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kila moja na mtunzi wake. Nanga iandikwe kwa jina langu. Hilo sibembelezi.

Bakari nimemwambia mnakuja Jumamosi. Hajajibu, ila kaisoma.

Nisalimie Mama, Shangazi, na wale wa Chumbageni wote. Zuhura mwambie kompyuta bado, namalizia.

Mdogo wako,
Hemedi

N.B. Lile gitaa langu jekundu nililowaachia, nimesikia mliliuza mwaka wa kwanza tu nilipoondoka. Mlimuuzia nani? Kama ni Bakari, usiniambie mpaka mrudi kutoka Muheza.