Kidumbak cha mtaani kwetu

Mhariri,

Nina umri wa miaka 78, na kila nisikiapo fidla ya kidumbak, ngoma yetu ya Zanzibar iliyo jamaa ya taarab, huzikumbuka jioni za Ng'ambo, Unguja, miaka ya 1970, tulipokuwa tukiandaa burudani za mtaa kwa michango yetu midogo. Wanawake tulivaa kanga za sare na kuazima majamvi kwa majirani, na vijana wakaligeuza sanduku la chai kuwa ala ya besi, kwa uzi mmoja na fimbo, likanguruma vizuri ajabu. Wengine wakapiga mkwasa, vijiti vya kugonganisha, na cherewa, kayamba za vifuu vya nazi. Furaha yangu kubwa ilikuwa kuwaona mabinti wenye haya wakisimama kuimba mbele ya mama zao. Nawaomba wazee wenzangu tuwaite wajukuu, tuwafundishe mapigo hayo wakati mikono yetu ingali na nguvu.

Bibi wa Ng'ambo,
Zanzibar