Uliniuliza Kama Amepona

Newala, Mtwara
Mwishoni mwa Novemba

Kwako shoga yangu mpendwa,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote waliomo nyumbani kwako hapo Lindi. Sisi hatujambo, isipokuwa uchovu wa korosho, maana magunia ya mwisho tumeyafikisha ghalani juzi. Barua yako niliipata, na swali lake la mwisho nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Uliniuliza kama binti yangu amepona.

Ningependa kukujibu kwa neno moja, lakini neno hilo sinalo. Wewe ulimwona mara ya mwisho akiwa darasa la sita, akinawa mikono mpaka ngozi ya vidole inapasuka, ukaondoka hapa ukilia. Yaliyofuata hukuyaona, na yaliyotangulia hukuyajua vizuri, kwa sababu wakati ule nilikuwa nikiyaficha hata kwako.

Yalianza akiwa na miaka 10, msimu wa kupulizia mikorosho. Baba yake alirudi shambani na vumbi la salfa nguoni, mtoto akampokea mfuko, kisha akambeba mdogo wake. Usiku ule akaniuliza kama salfa inaweza kumwua mtoto mchanga. Nikamwambia mdogo wako mzima, lala. Akalala. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa mara kumi, na kila nilipomjibu alitulia kwa muda mfupi kuliko jana. Ndipo akaanza kunawa. Unajua maji yalivyo huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde: tunakinga ya mvua katika kisima cha saruji nyuma ya nyumba, na kiangazi kikikaza tunanunua ndoo kwa ndoo. Yeye alikuwa akimaliza ndoo mbili kabla ya kwenda shule. Nilimpiga, shoga yangu. Nilimpiga kwa ajili ya maji, nikidhani ni ukaidi, na hadi leo nikiikumbuka mikono ile iliyochubuka moyo wangu huuma upya.

Waliosema ana majini walikuwa wengi, nasi tukazunguka kwa waganga karibu miaka miwili. Katika zahanati moja tuliambiwa kwamba ni utoto tu, akikua ataacha. Maneno hayo niliyashika kama amana. Kila Idi nilijiambia kwamba sasa amekua, sasa ataacha. Lakini wasiwasi nao ulikuwa ukikua pamoja naye, na alipoanza kuhimizwa swala ukaingia katika udhu. Alikuwa akirudia kuosha mkono wa kulia mpaka wakati wa swala unatoka, na akiswali anarudia nia mpaka wenzake wanatoa salamu.

Aliyetufungulia mlango alikuwa shehe wa msikiti wetu. Hakuleta kombe wala hirizi. Alimketisha mtoto akamweleza kanuni ya wanazuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo akishajua kuwa ameosha, shaka inayokuja nyuma yake haina hukumu. Kisha akatugeukia sisi wazazi, akatuambia kuwa wasiwasi wa namna hii unajulikana tangu zamani, na kwamba mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mwaka 850, aliuandika miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba. Mpelekeni hospitali, akasema, kama mnavyompeleka mwenye malaria.

Daktari wa Dar es Salaam alitupa jina la ugonjwa, ambao wenyewe huuita OCD kwa kifupi, yaani ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na kumlazimisha mtu kurudia matendo, akatuambia kuwa haukutokana na malezi yetu wala na upungufu wa imani ya mtoto. Alimwandikia dawa iitwayo fluoksetini, akatuonya kuwa huenda tukasubiri hata wiki 12 kabla ya kuona tofauti. Pamoja na dawa kulikuwa na mazoezi: asogezwe hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa, halafu asinawe, akae na hofu mpaka ishuke yenyewe. Njia hiyo, alisema, ilianza kushika umbo London mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer alipowatibu wagonjwa wawili ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Mimi nami nilipewa zoezi langu, nalo lilikuwa gumu kuliko yote: niache kumjibu. Daktari alinionyesha kwamba kila jibu langu la kumtuliza lilikuwa ndoo nyingine ya maji.

Siku ya kwanza alishika komeo la stoo tunamowekea salfa, kisha akakaa mkekani mikono ikiwa juu ya mapaja, akitetemeka. Mimi nilikaa mbele yake. "Mama, hatakufa?" Nikamwambia, najua unaogopa, nami nipo hapa. Akauliza tena, akalia, akaniita mkatili, na mdogo wake akawa anacheza uani akitupigia kelele za furaha. Sijui kama umewahi kumnyima mwanao neno moja ambalo lingemtuliza papo hapo, huku ukijua kuwa neno hilo ndilo linalomla. Ilikaribia saa nzima. Kisha niliona mabega yake yakishuka, akainuka bila kunawa, akaenda kumchukua mdogo wake.

Sasa amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Aliniambia kuwa siku ya hisabati alihisi lazima aipitie kila tarakimu upya, akairudia mara moja, akaweka kalamu chini. Yule ndiye aliyekuwa akifuta neno mpaka karatasi inatoboka. Lakini dawa bado anatumia, na tulipofiwa na bibi yake mwaka jana wasiwasi ulirudi kwa nguvu, tukaanza mazoezi tena karibu na mwanzo. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za watoto kama yeye, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba takriban 4 katika kila 10 hawakuwa tena na ugonjwa huu walipofuatiliwa baadaye, na waliobaki walikuwa nao, wengine kwa dalili pungufu tu. Zamani ningekesha nikimwomba Mungu amweke katika wale 4. Siku hizi namwomba zaidi kwamba, awe katika kundi lolote, aendelee kuujua wasiwasi wake kama anavyoujua sasa, kwa maana ananishinda hata mimi: nikiteleza hunishika, "Mama, umenijibu tena."

Anataka kusomea uuguzi. Nilitaka kumkataza, nikifikiria hospitali na hofu zake zote, kisha nikalikumbuka lile komeo, nikanyamaza. Mashangazi zake wamekwisha kuanza kuuliza nani atamwoa, na wananishauri nifiche; yeye mwenyewe amesema atakayemposa atamweleza kwa kinywa chake.

Basi nina ombi. Anataka kuja kwako Desemba, peke yake, na nimemruhusu. Nitampandisha basi hapa Newala, atapitia Masasi na Mnazi Mmoja hadi Lindi. Usimfichie kitu wala usimtengee vyombo. Usiku atakuuliza, "Mama Mkubwa, umefunga mlango?" Mjibu mara moja tu. Akiuliza mara ya pili, usikasirike na usijibu. Mwambie, "Mama yako amenieleza, kaa nami hapa kidogo." Atakaa. Jioni mpeleke ufukweni, kwani tangu akiwa darasa la tano hajakubali kukanyaga mchanga wa bahari bila viatu, na ameniambia safari hii anataka kujaribu.

Wasalaam,
Ni mimi shoga yako