Barua: Flashi ya mpwa wangu bado iko kwenye droo ya mtangazaji

Ndugu Mhariri, mbukwenyi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, nikizidisha maneno kata unapotaka ila ile sehemu ya mwisho niachie tafadhali maana ina shida yangu binafsi.

Wiki iliyopita kuna msomaji wenu wa Dar aliandika eti Dodoma ni makao makuu ya kila kitu isipokuwa muziki, maghorofa yanaota, treni ya umeme imefika, lakini msanii hakuna, vijana wavivu. Nilicheka kwanza, alafu nikakasirika, alafu nikaenda kununua gazeti lingine maana lile nilishafungia chipsi za mtu. Ndugu yangu wa Dar, wasanii wapo. Shida ni kwamba hujawasikia, na hujawasikia kwa sababu hakuna anayewapiga redioni.

Mimi ni fundi redio hapa Majengo, karibu na soko, zaidi ya miaka thelathini sasa. Saa hizi kusema kweli nusu ya kazi ni kubadilisha vioo vya simu lakini kibao changu bado kimeandikwa FUNDI REDIO na sikifuti. Miaka ile ya tisini mwanzoni nilikuwa naletewa redio kubwa za mbao na zile National za betri sita, mteja akishindwa kulipa redio inabaki kwangu miezi, basi usiku nafungua mfuniko wa nyuma, naunga waya wa shaba kwenye antena, naupitisha dirishani mpaka kwenye mwembe wa jirani, nazungusha masafa mafupi taratibu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Usiku masafa mafupi yanakamata vizuri sana. Siku moja nikaangukia BBC ya Kiingereza, kuna jamaa anaongea kama ameamshwa usingizini, sauti ya chini, hana haraka, hapigi kelele, hamwongelei mwimbaji juu ya wimbo. Akapiga kitu kama masufuria yanaanguka jikoni. Nikataka kuhama. Alafu bila hata kupumua akapiga magitaa ya Zimbabwe, yale yanayocheka, mimi nikakaa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga lakini jina nililikamata, John Peel.

Tangu hapo nikawa namfuatilia, na intaneti ilipokuja ndo nikasoma habari zake zote, na ndo maana leo naandika. Huyu mtu alizaliwa 1939 Heswall, Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, jina lake halisi John Ravenscroft. Baba yake mfanyabiashara wa pamba. Akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, wakampa kazi ya rada, alafu mwaka 1960 akavuka kwenda Marekani, Dallas, kwa shughuli za pamba za kina baba, baadae akauza bima. Yani mtu wa kawaida kabisa. Rais Kennedy alipouawa pale pale Dallas mwaka 1963 yeye akaenda mpaka makao ya polisi akadanganya kwamba ni mwandishi wa gazeti la Liverpool Echo, akaingia akasimama kwenye chumba kile walichomwonyesha Oswald, mtuhumiwa wa mauaji yale, mbele ya waandishi. Uongo ni uongo, ila nasema huyo alikuwa na utundu. Mwaka uliofuata Beatles, bendi ya Liverpool, wakaitikisa Marekani, na redio moja ya Dallas ikamchukua kama mtaalamu wa Beatles kwa sababu moja tu, anatoka upande wa Liverpool na lafudhi ya Kiingereza anayo. Ajira kwa lafudhi! Kwetu mtu akitangaza na lafudhi ya Kigogo wanamwambia akajirekebishe kwanza.

Akazunguka Oklahoma, California, akarudi kwao mwanzoni mwa 1967 na kupata kazi kwenye meli. Sikosei, meli. Wakati ule serikali yao ilikuwa haitoi nafasi kwa redio za watu binafsi, kwa hiyo wajanja wakaweka mitambo kwenye meli, wakatia nanga nje ya pwani ya Essex kule ambako sheria haifiki, wanarusha matangazo kuelekea nchi kavu. Redio London hiyo. Hapo ndo alipopewa jina la Peel, na akapewa saa sita usiku mpaka saa nane, muda ambao mabosi wamelala, akaanza kupiga anachotaka. Katikati ya Agosti 1967 sheria ya kuzizuia ikaanza kazi, redio nyingi za melini zikazimwa, na tarehe 30 Septemba BBC ikafungua Radio 1 yake (sio Radio One yetu ya Mikocheni, hiyo ilikuja miaka ya tisini) ikawachukua wengi wa wale wale maharamia. Ni mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, sisi tunataifisha mabenki wenzetu wanataifisha madijei.

Kati ya watangazaji wote walioanza na redio ile mwaka 1967, yeye ndo pekee aliyebaki hapo hapo mpaka kifo, miaka 37. Alifariki tarehe 25 Oktoba 2004 akiwa Cusco nchini Peru, moyo, ana miaka 65. Sisemi alikuwa malaika. Kule Texas mwaka 1965 alioa binti wa miaka 15, alijitetea baadae kwamba alidanganywa umri, mimi nina mabinti watatu na habari ile sikuipenda hata kidogo na sitaificha ili barua yangu ipendeze. Pia alikuwa hodari wa kupiga santuri kwa spidi isiyo yake, wimbo unatoka kama paka kabanwa mlango, anaomba radhi, anaurudia.

Ila kazi yake, Mhariri, hapo ndo penyewe. Alikuwa anasikiliza. Wanamuziki wasiojulikana walikuwa wanamtumia kaseti na santuri kwa posta, maboksi kwa maboksi, anazibeba mpaka nyumbani kwake kijijini Suffolk. Hajali unatoka wapi wala lebo gani. Mwaka 1978 vijana wa Derry, Ireland ya Kaskazini, wanaitwa The Undertones, wakamtumia santuri waliyoitoa kwa hela za mawazo, akaipiga, ilivyoisha akaipiga tena papo hapo kwenye kipindi hicho hicho. Muda si mrefu wakasainishwa na lebo ya Marekani. Maneno ya wimbo ule yamechongwa kwenye kaburi lake mpaka leo.

Alafu kuna zile sesheni. Zamani BBC ilikuwa imebanwa na mkataba, kwa siku santuri zipigwe masaa machache tu ili wapigaji wa vyombo wasikose kazi, kwa hiyo muda uliobaki wanaita bendi studio kwao Maida Vale, bendi inarekodi kama nyimbo nne kwa siku moja, inalipwa, nyimbo zinakwenda hewani. Peel peke yake kwenye kipindi chake alipitisha sesheni zaidi ya 4,000 za wasanii zaidi ya 2,000. Bendi nyingi zilikuwa hazijawahi kuona studio.

Na hapa msiniambie hayo ni mambo ya wazungu, maana sisi tulikuwa nayo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa inafanya kitu hicho hicho kwa sababu nyingine, hapa kwetu pa kurekodia palikuwa pa shida na kiwanda cha santuri hakuna, ukitaka santuri mpaka Nairobi, basi RTD inaita bendi studio, wanapiga mkupuo mmoja, mkanda unahifadhiwa. Nyimbo za Msondo na Mlimani Park tunazolia nazo leo zilitoka kwenye mikanda ile. Hata Dodoma tulikuwa na Central Jazz, wazee wenzangu mnaikumbuka, sio kwamba huu mji uliota jana pamoja na wizara.

Huyu Peel alivyowasikia Bhundu Boys wa Zimbabwe miaka ya themanini inasimuliwa alitoa machozi ukumbini. Akawapiga na kuwapiga, na mwaka 1987 wale vijana wakapanda jukwaa la Wembley kumtangulia Madonna. Na Mgogo wetu marehemu mzee Hukwe Zawose, ambaye Mwalimu Nyerere alimtoa huku akampeleka Dar akapige ngoma za taifa, albamu yake ya Chibite ilitolewa mwaka 1996 na lebo ya Real World huko huko Uingereza. Ilimba, kile chombo chetu cha vijiti vya chuma cha kupiga kwa vidole gumba, na zeze za Dodoma zimefungwa kwenye kava zinauzwa London, na mimi ninayekaa Dodoma nimeisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mteja aliyeleta kubadilisha chaji.

Sasa nifike kwa mpwa wangu. Yuko Mvumi, ana miaka 22, anapiga ilimba aliyotengeneza mwenyewe, vijiti vyake vya chuma kavifua kutokana na misumari na spoku za baiskeli, alafu anaweka biti kwa kompyuta ya rafiki yake na kuimba Kigogo na Kiswahili. Sio kwa sababu ni damu yangu, ule wimbo wa pili nilivyouweka kwenye spika pale kibandani wateja waliacha kugombana na fundi wa jirani. Akaniambia mjomba wewe unafahamiana na watu wa redio, nipelekee. Ni kweli nafahamiana nao, nimewatengenezea redio sana.

Nikaenda kwenye kituo kimoja hapa mjini, sikitaji. Nimevaa shati la kanisani. Kijana wa vipindi kanipokea vizuri, shikamoo mzee, karibu kiti, nikampa flashi, nyekundu, nimeibandika plasta nyeupe ya hospitali nikaandika kwa kalamu MVUMI. Hakuichomeka. Akaniuliza, mzee, bajeti ya promo ipo? Nikasema bajeti gani, nyimbo ndo hizi. Akacheka kwa upole kabisa, akasema basi tutaangalia mzee ila na wewe tuangalie, akavuta droo. Mhariri ile droo imejaa flashi kama njugu kwenye kikapu. Akaitupia yangu juu. Wiki tatu baadae nikarudi, ameenda kunitafutia kiti, droo iko wazi nusu, nikaiona nyekundu yangu iko pale pale juu na plasta yake, hata upande haijabadilisha. Akarudi na kiti na neno lile lile, mzee tuangalie na sisi.

Najua mtajibu. Mtasema BBC inalishwa na ada wanayolipa wananchi na sisi tunakula matangazo ya sabuni. Sawa, naelewa, na mimi ni mfanyabiashara. Lakini Peel miaka mingi kipindi chake kilikuwa saa nne usiku mpaka saa sita, hawakumpa asubuhi kwenye hela. Kwetu muda huo studio hakuna hata mtu, kompyuta inajipigia yenyewe nyimbo zile zile kumi na tano mpaka alfajiri, mimi nazisikia maana walinzi wa mtaani ndo wateja wangu wakubwa wa redio ndogo na wanazijua kwa mpangilio, hii ikiisha inakuja ile. Kutoa saa moja hapo, Jumanne usiku kwa mfano, mtu mmoja avute ile droo achomeke moja moja, mbaya aache, nzuri apige, ataje jina la kijana na kijiji chake, matangazo ya sabuni yatapungua kwa shilingi ngapi?

Ni hilo tu kwa upande wa redio. Sasa ile shida yangu. Mdogo wangu mtangazaji, najua gazeti hili mnalo pale mapokezi, nimeliona. Nyimbo kama huzipigi basi, sikulazimishi. Ila ile flashi naiomba, nilikuwa sina nyingine siku ile nikatumia ya nyumbani, ndani kuna picha zote za harusi ya dada yangu na amenipa mpaka Jumapili.

Fundi Redio,
Majengo, Dodoma